Alama ya Na

Vituo kumi na kimoja vya maziwa,
na mimi mmoja, na kompyuta ya mezani
yenye feni inayokoroma kama mlinzi wa zamu.
Kila siku saa kumi jioni naituma:
nenda Pongwe, leta lita.
Inakwenda, inapiga hodi,
inangoja mtandao uvae viatu,
inarudi na idadi. Ndipo naiambia: nenda Muheza.
Ndipo Mkinga.
Ndipo Maramba, ambako mnara uko nyuma ya kilima
na kila jibu huja likitambaa.

Nami nimekaa, mikono mapajani,
nahesabu misumari ya dari,
na kule Bombo, wodi ya akina mama,
mlango wa wageni hufungwa saa kumi na mbili.

Nyange wa stoo alikuwa akifunga madumu
kwa mpira, nyuma ya baiskeli.
"Kwani wewe," akasema, bila kuinua kichwa,
"ukituma vijana, unamngoja wa Duga arudi
ndiyo umtoe wa Mabawa?"
Nilicheka.
Kisha sikucheka.

Usiku ule nikaitafuta, nikaipata:
alama moja, kama mtu aliyeketi chini
akakunja goti. Maana yake ni *na*.
Unaiweka mwisho wa mstari, basi,
kazi inaondoka, nawe husimami mlangoni kuichungulia.
Nenda Pongwe na
nenda Muheza na
nenda Mkinga na
nenda Maramba na
Sentensi isiyotaka kufika kwenye nukta.
Wa mwisho tu, Korogwe, nilimnyima alama.
Nilidhani akirudi yeye, wamerudi wote.

Dakika tisa.
Jumla ikajiandika chini ya ukurasa,
nikazima taa, nikakanyaga pedeli mpaka Bombo,
nikamkuta mama yu macho, anauliza
mbona leo mapema.

Asubuhi, simu. Mzee Shemdoe wa Maramba:
"Binti, ng'ombe wangu wamekufa lini?
Maana jana umeniandikia sifuri."

Mstari wa jumla haukujua kuna mtu njiani.
Ulimwona Korogwe kaingia, ukafunga daftari,
ukahesabu waliopo kwa sauti ya kujiamini.
Maramba alifika na lita zake mia mbili
akakuta viti vimeshapangwa juu ya meza.

Kilichopungua ni neno moja, *subiri*.
Si ile niliyoikimbia, ya kila hatua,
ya Pongwe kumngoja Muheza bila sababu.
Moja tu, mwishoni, kabla ya kujumlisha.
Nikaliandika. Dakika kumi na nne,
urefu wa Maramba, si zaidi:
msafara mzima ni mrefu kama mzito wao.

Na kila kituo nikakipa karatasi yake,
maana wiki hiyohiyo Muheza na Mkinga
walishika kalamu moja kwa wakati mmoja:
thelathini na moja ya huyu,
ishirini na saba ya yule,
zikaungana, na ng'ombe wawili wa Mama Kihiyo
wakatoa lita elfu tatu mia moja ishirini na saba.
Mhasibu alikwenda mwenyewe kuwatazama.

Jumapili, Bombo.
Mama ameegemezwa mito miwili.
Watoto saba, alitutoa duniani mmoja mmoja
akatuachia tuondoke bila kungojana.
Tumerudi ovyo ovyo: Mwanamkasi wa Mombasa kwanza,
Kibwana wa Arusha na vumbi lake,
mimi niliye jirani, wa tano.
Hotipoti iko juu ya kabati, imefungwa kwa kanga.
Muuguzi anasema mgonjwa ale, chakula kinapoa.
Mama anatuhesabu kwa macho, anafika sita,
anarudia.
Rehani yuko njia ya Pangani, na njia ina matope.

Kibwana ananyoosha mkono kufungua.
"Subirini," anasema mama.